Barua ya Kanisa la Simu

Mwanamke yule aliingia saiba, duka letu la kompyuta, na matone ya mvua kwenye sweta, akasimama mlangoni bila kuufunga mlango, akauliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine ya fotokopi kule nyuma:

"Nani hapa anaitwa Pasta Chelimo?"

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mmoja akacheka. Mimi nilikuwa namjazia mama mmoja fomu ya kumtafutia mtoto nafasi ya shule, na nilikuwa nimefika kwenye mstari wa dini.

"Chelimo ni mimi," nikasema. "Lakini mimi si pasta, mathe. Mimi najazia watu fomu na kuwaandikia barua."

"Basi ni wewe. Hata mimi nimekuja kuandikiwa barua."

Alikuwa amevaa gambuti zenye tope jeusi la Mau Narok. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole kama mtu aliyebeba yai, na ndani kulikuwa na simu yenye grisi kwenye pembe zake. Akaiwasha. Kwenye kioo ikatokea picha ya kombaini ikivuna katikati ya shamba la ngano. Picha ile nilikuwa nimeiona kila Jumapili kwa miaka miwili, kando ya jina Fundi wa Kombaini.

"Mimi ni Wariara," akasema. "Mzee Thuo alikuwa bwanangu. Ametuacha Jumamosi asubuhi. Ni kifua."

Ilikuwa Jumanne. Juzi yake, Jumapili, Fundi hakuandika neno kwenye grupu letu la simu, na mwenzetu Obura akatania kwamba bila shaka amekwenda kutubu. Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi ya wengine.

"Pole, mama. Pole sana. Hatukujua."

"Mngejuaje? Simu ilikuwa kwangu." Alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu nami kama mtu wa nyumbani. "Sasa sikiza, mwanangu. Wazee wa kanisa wanakaa kesho jioni. Mazishi ni Ijumaa. Wanataka barua kutoka kanisa lake, ya kuonyesha alikuwa mshirika mwema. Hawana neno baya, wanataka tu barua. Niandikie, ugonge muhuri, nirudi mapema kabla barabara haijaharibika."

"Kanisa lake lipi, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Si lenu? La simu."

*

Grupu letu la WhatsApp linaitwa Hoja za Jumapili. Tulilianzisha nikiwa mwaka wa mwisho chuoni Njoro, watu kumi na mmoja tuliokuwa tumeshindwa kumaliza ubishi kwenye ukurasa wa mtu mwingine, tukaamua kuhamia kwetu. Hakuna matusi, hakuna siasa, na hoja huanza saa nne asubuhi Jumapili, nikishatoka ibada ya kwanza ambako naimba kwaya. Mimi ndiye admini. Wanaoamini tulikuwa sita, na mkali wetu alikuwa Kimaiyo wa bodaboda, ambaye hubishana akingoja abiria pale karibu na soko. Wasioamini walikuwa watano, na msemaji wao Obura, anayefanya kazi kwenye shamba la maua huko Naivasha. Tulibishana juu ya mengi, lakini kulikuwa na swali moja lililokataa kufa. Je, kutoamini ni dini?

"Ni dini," Kimaiyo angeandika. "Mnaamini hakuna Mungu. Hiyo ni imani. Chukueni kiti chenu mkae na sisi."

"Kama kutoamini ni dini," Obura angejibu, "basi kutofuga ni ufugaji, na mimi ndiye mfugaji mkubwa Naivasha nzima. Njoo nikuuzie maziwa."

"Boss, kila Jumapili saa nne uko hapa unahubiri. Mimi mwokovu huchelewa kanisani. Wewe hujawahi kukosa hata siku moja."

Nilikuwa upande wa Kimaiyo, tena kwa moto. Nilikuwa nimetoka chuo juzi, na niliamini kwamba watu wakikaa pamoja na kusikilizana kwa muda wa kutosha, ukweli utajitokeza wenyewe kama malai juu ya maziwa. Siku moja niliandika hoja ndefu ambayo niliipenda sana. Nilisema: tazameni grupu hili. Tuna saa ya ibada. Tuna wahubiri wa pande zote. Mke wa Obura alipohitaji damu, watu saba walikwenda kutoa, wanaoamini na wasioamini. Mtu akinyamaza tunamtafuta. Sasa kwa dini kamili, hapo kimepungua nini?

Fundi wa Kombaini alikuwa akiandika polepole. Ungeweza kwenda kuchemsha chai ukarudi ukute bado anaandika. Jibu lake lilipofika lilikuwa hivi:

"Binti. Kimepungua Mungu. Hicho si kitu kidogo. Wewe ndiye ungepaswa kujua."

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima.

Hatukuwahi kuonana. Nilijua alikuwa na miaka sitini na sita, kwamba alikuwa ametengeneza kombaini za mashamba makubwa ya ngano tangu ujana wake, na kwamba aliacha kanisa akiwa na miaka arobaini bila kugombana na mtu yeyote. Aliniambia alikuwa akiomba usiku mmoja, akahisi anaongea peke yake, akaona si heshima kuendelea kujifanya. Kila Jumapili nilifungua grupu kwa ujumbe wa sauti: "Bwana asifiwe! Na wasioamini, hamjambo?" Kisha, pembeni, nje ya grupu, Fundi angeniomba nimtumie ubeti mmoja wa wimbo tulioimba siku hiyo.

"Una sauti nzuri, binti," aliandika mara ya kwanza. "Mungu wako ana bahati."

*

Sasa, pale saiba, nilielewa alichokuwa akisikia Wariara akiwa jikoni.

Mume ambaye hakukanyaga kanisa kwa miaka zaidi ya ishirini ameanza kuvaa shati safi Jumapili. Saa nne anakaa sebuleni na simu. Sauti ya msichana inasema Bwana asifiwe. Wakati mwingine kunaimbwa. Akiitwa kwenye chai anasema, "Ngoja kidogo, niko na watu wangu." Na tangu wakati wa korona, makanisa mangapi hayakusali kwa simu?

"Hukumuuliza?" nikasema.

"Nimuulize nini? Kuku akitaga humsogelei." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkwama. "Mimi nilisimama kanisani mwaka jana, Chelimo. Nikatoa ushuhuda. Nikasema bwanangu amerudi, anaabudu na watu wa Nakuru kwa simu. Wamama wakanipigia makofi. Mchungaji akanishika mkono."

Mama wa fomu alikuwa ameacha kujifanya hasikilizi.

"Na wazee wakikosa barua?" nikauliza.

"Basi mchungaji haji. Kwaya haiji. Chama cha akina mama hakivai sare." Alisema la mwisho polepole kuliko mengine. "Miaka thelathini nimezika waume wa wenzangu nikiwa na kitambaa cha chama kichwani. Nimewaimbia wote, hata wale walevi. Sasa wangu ateremshwe kimya kama mtu aliyeokotwa barabarani?"

Barua yenyewe ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kichwa cha barua ningekitengeneza hapo hapo. Jamaa wa mihuri yuko mlango wa pili.

"Nipe hadi kesho saa sita, mama."

"Kwani kuna nini cha kungoja?" Aliinuka, akaikunja ile simu ndani ya kitambaa. "Andika tu vile ilivyokuwa. Kwamba alikuwa na ninyi kila Jumapili, hakukosa. Kuna uongo hapo?"

Hakukuwa na uongo hapo. Hilo ndilo lililonitoa saiba mara tu alipoondoka. Nilitembea hadi stendi, nikarudi, nikakaa, nikatoka tena. Bosi wangu Jepkemei akaniuliza kama nimemeza sisimizi.

*

Mwezi wa tatu, kikohozi chake kilipoanza kumlaza kitandani, Fundi aliniandikia pembeni. Nilizitafuta jumbe zile nikiwa nimesimama nje ya duka la mbegu.

"Binti. Nikifa watu wataimba. Sitaki ugomvi na Wariara, waache waimbe. Lakini nataka mtu mmoja asimame pale bila kuimba. Kwa niaba yangu."

Niliandika: "Wacha hayo maneno, Fundi. Lakini kama ni hivyo mwambie Obura. Yeye hata bila kuombwa hataimba."

"Obura asiyeamini akinyamaza, hiyo ni kazi? Nataka mtu ambaye kunyamaza kutamgharimu. Halafu ndiyo nijue nilikuwa na rafiki upande ule."

"Unanionea."

"Nakuonea. Umekubali?"

Nilikuwa nimeandika "sawa, nimeahidi", na baada yake kikaragosi cha kucheka. Baada ya hapo tulirudi kwenye ubishi wetu wa kawaida. Ahadi ndogo, nilifikiri. Nani anakufa kwa kikohozi?

Jioni hiyo niliwaambia watu wa grupu. Walilia kwa namna watu wanavyolia kwenye simu, vikaragosi vya mikono iliyokunjwa na mishumaa na pole nyingi. Halafu nikaweka swali la barua.

"Andika, admini," Obura akajibu papo hapo. "Andika leo."

"Aandike nini?" akasema Kimaiyo. "Sisi si kanisa."

"Haya! Miaka miwili umeniambia mimi nina dini. Leo dini imepata kazi ya kufanya, unaikana?"

"Na wewe miaka miwili umesema huna. Leo umeiokota wapi, sokoni?"

"Kimaiyo, mama wa watu analia."

"Najua analia. Unadhani mimi ni jiwe? Lakini huyo ni Fundi. Fundi angekuwa hapa angesema nini?"

Nilitazama kioo. Obura anaandika. Obura ameacha. Obura anaandika. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu cha mtaa wa Free Area, kijiko mkononi, uji ukishika chini ya sufuria.

Hatimaye jibu likaja.

"Angesema kimepungua Mungu."

Nilizima jiko. Nilikuwa nikitafuta njia ya kuandika ile barua bila kudanganya, na njia ilikuwepo, nilikuwa nimeijenga mwenyewe kwa miaka miwili, hoja juu ya hoja. Kama kweli kutoamini ni dini, na kama grupu letu ni ibada, basi Mzee Thuo alikuwa mshirika mwema na ningeweza kugonga muhuri nikalala. Lakini mkono haukukubali. Ndipo nilipojua kwamba ile hoja yangu niliyoipenda sikuwahi kuiamini. Niliishika kwa sababu ilikuwa inashinda.

*

Wariara alirudi saa sita kasoro. Safari hii alikuwa amekausha gambuti. Nilimpa barua, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikisogea.

Niliandika kwamba marehemu Thuo alikuwa katika grupu letu miaka miwili. Kwamba grupu si kanisa. Lina wanaoamini na wasioamini, naye alikuwa miongoni mwa wasioamini hadi mwisho. Kwamba hakuwahi kumtukana mtu anayeamini, na alimheshimu mkewe pamoja na imani yake. Kwamba mimi ninayeandika ni mwanakwaya na mwamini, na kwamba ningefurahi kuwa na washirika wengi wakweli kama yeye.

Sikugonga muhuri wowote.

"Hadi mwisho," Wariara akasoma kwa sauti. Akarudi nyuma, akayasoma tena maneno hayo. "Kwa hivyo Jumapili zote hizo..."

"Alikuwa anabishana na mimi, mama. Juu ya dini."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo alikuwa anazipenda."

Aliangalia nje dirishani. Mtu alikuwa akipakua magunia ya mbolea mbele ya duka la mbegu, na tulimsikiliza akihesabu kwa sauti.

"Ungeandika mistari miwili ya kwanza ukaachia hapo," akasema.

"Najua."

"Hungekuwa umedanganya."

"Ningekuwa nimedanganya, mama. Wewe ungejua siku moja. Na yeye..."

"Yeye amekufa! Mimi ndiye nitarudi pale kanisani Jumapili, nikae kwa benchi lile lile, na wale walionipigia makofi." Hakupaza sauti; aliishusha, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe ni mtoto, Chelimo. Umesoma, lakini ni mtoto. Unafikiri ukweli unampatia mtu mkononi kama risiti, halafu anaenda nyumbani?"

Nilitaka kumweleza juu ya ile ahadi nyingine, lakini ningeanzia wapi? Aliikunja barua mara nne, akaitia ndani ya kitambaa pamoja na simu. Nilidhani ataichana.

"Nitaipeleka," akasema. "Siwezi kwenda mbele ya wazee mkono mtupu." Mlangoni akageuka. "Ijumaa saa tano. Kama ulikuwa rafiki yake, njoo uone ulichoandika."

*

Ijumaa ukungu ulikuwa umekalia mashamba ya ngano hadi huoni mwisho wake. Nilimwomba Jepkemei ruhusa, akanipa kwa shingo upande. Nilifika pamoja na Kimaiyo, na pale langoni tulimkuta mwanamume mfupi mwenye koti kubwa akipiga miguu chini kwa baridi.

"Wewe ndiye Obura?" Kimaiyo akamkagua. "Mfugaji mkubwa wa Naivasha? Mbona umefupishwa hivi?"

"Ni wewe Kimaiyo. Nimekutambua kwa kelele."

Walishikana mikono, na hawakuachiana haraka.

Wazee walikuwa wameamua. Ngigi, mpwa wa marehemu aliyekuwa akiongoza shughuli, alitueleza kwa sauti ya chini: mchungaji haji, kwaya haiji, hema la kanisa halitoki. Mshirika anayetaka kuja aje kama jirani. Na walikuja. Wamama wa chama walikuwa wamekaa mwisho kabisa wa uwanja, kama ishirini hivi, vitambaa vya rangi rangi vichwani, kila mmoja na chake, si cha chama, na nilimwona Wariara akivitazama vichwa vile kimoja kimoja. Upande wa pili walikuwa mafundi na madereva wa mashamba, ovaroli zao bado zina mafuta. Mmoja alikuwa amebeba spana kubwa iliyong'arishwa, akiishika kwa mikono miwili.

"Hatuna ratiba ya kanisa," Ngigi akatangaza. "Tutafanya vile tunaweza."

Alisoma maisha ya marehemu. Kwenye karatasi ile hakukuwa na mstari wa dini. Yule mwenye spana alisimama akasema kwamba Mzee Thuo angeweza kusikia kombaini iko shamba la tatu akajua ni beringi gani imekufa. Watu wakacheka, na kwa muda mfupi mambo yakawa karibu mazuri. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo mwembamba ndiye ameandika ile barua." Sikugeuka.

Kisha tukaenda kaburini.

Kwetu huku jeneza haliteremshwi kimya. Kwaya huanza pale kamba zinaposhikwa, na wimbo hufunika kila kitu hadi udongo ujae. Sikuwa nimewahi kujua kile wimbo unachofunika. Siku hiyo nilikisikia. Kamba zikikwaruza mbao. Wanaume wakihema. Udongo ukidondoka kutoka ukingoni, vipande vidogo vidogo, tok, tok, juu ya kifuniko. Wamama walitazama chini. Hawakujua kama jirani anaruhusiwa kuanzisha wimbo ambao kwaya imekatazwa.

"Hapana," Wariara akasema. "Simamisheni. Asiende hivi."

Wanaume wakashika kamba, jeneza likaning'inia nusu. Wariara aligeuka, akatafuta nyuso, akanipata.

"Wewe," akasema. "Wewe unaimba. Miaka miwili nimekusikia jikoni kwangu. Njoo utuanzishie."

Watu wakanipisha njia. Nilijua wimbo anaoutaka. Ndio ule niliomtumia Fundi Jumapili nyingi kuliko zote. Noti ya kwanza ilikuwa tayari kooni, inakaa pale penyewe bila kuitwa, kama ilivyokaa tangu nikiwa shule ya Jumapili. Barua yangu ndiyo iliyoondoa kwaya. Sasa mama huyu alikuwa akiniomba kitu kimoja, kitu ninachokiweza kuliko chochote duniani, tena kitu ninachokiamini. Kimaiyo alinigusa mgongo: nenda.

Nilimsogelea hadi nikawa karibu na sikio lake.

"Mama, siwezi," nikasema. "Nilimwahidi. Alisema ninyi mtaimba, na mimi nisimame bila kuimba. Mtu mmoja tu. Kwa niaba yake."

"Alisema hivyo?"

"Mwezi wa tatu."

"Akakuchagua wewe mwimbaji."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Alinitazama, macho mekundu, pua ikivuja kwa baridi. Kisha akaniacha, akageukia lile jeneza linaloning'inia, akasema nalo kama anavyosema mtu na mume wake mezani:

"Hata leo lazima ubishane."

Akavuta pumzi, akaanza mwenyewe. Sauti yake ilikuwa mbovu. Aliianza juu mno, ikavunjika kwenye neno la tatu, akairudisha chini, akaendelea peke yake mstari mzima. Kwenye mstari wa pili mwanamke mmoja wa chama akainuka, akauchukua. Halafu mwingine. Kamba zikalegezwa. Kimaiyo akaimba kwa nguvu nje ya noti. Na Obura, kichwa kimeinama ndani ya lile koti kubwa, alikuwa akiimba pia, na alijua maneno yote.

Nilisimama ukingoni, mikono ubavuni, mdomo nimeufunga. Mwanamke aliyenong'ona juu yangu alinitazama waziwazi sasa, akatikisa kichwa. Wazee wawili waliokuwa wamekuja kama majirani walinitazama. Wariara hakunitazama tena. Kila walipofika kwenye kiitikio kifua changu kilijaa chenyewe, nikakishusha.

Wimbo ule una beti tano. Nilinyamaza zote tano.